Wasifu na Sifa: Maisha ya Watu katika Maandishi ya Kiswahili

Neno wasifu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ni kueleza kitu kilivyo: umbo lake, rangi yake, tabia yake. Kutokana na mzizi huo huo Kiswahili kimepata kitenzi kusifu na jina sifa. Lakini katika safari ya kutoka lugha moja hadi nyingine maana yake ilipinda. Kusifu kwa Mswahili si kueleza tu, bali ni kutaja mema. Sifa nayo imebaki na nyuso mbili. Mwalimu wa sarufi anaposema kwamba neno fulani ni la sifa, hamaanishi kwamba linampendeza. Ilhali mtu anapoambiwa kuwa anapenda sifa, hapana anayedhani kwamba anapenda vivumishi. Jambo hili laweza kuonekana dogo, la kuwashughulisha watunga kamusi pekee. Kwa hakika ni swali linalomkabili kila mtu anayetaka kuandika maisha ya mwenzake kwa Kiswahili: je, anaeleza au anasifu? Na akiazimia kueleza, atapata wapi mtindo wa kufanyia hivyo, ikiwa wasomaji wake wamezoea kwamba marehemu hatajwi ila kwa wema?

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo katika vitabu vichache ambavyo watungaji wake hawakupata kuketi baraza moja, lakini ambavyo vinakutana mahali pamoja. Vyote, kwa uwazi au kwa kificho, vimeguswa na karne ya pembe za ndovu na ya utumwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki na bara yake. Mmoja wa watu wanaohusika alikuwa mfanya biashara hiyo. Mwingine alikuwa mtoto wa watu waliookolewa katika biashara hiyo. Na wa tatu alipewa jina la Mtumwa siku alipozaliwa.

Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja yapata mwaka 1837 na kufariki huko huko mwaka 1905. Katika uzee wake aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Aliyemhimiza kuziandika alikuwa Mjerumani, Heinrich Brode, ambaye alizigeuza kwa herufi za Kirumi, akazitafsiri kwa Kijerumani, na kuzichapisha Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alizitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri yake ikatolewa pamoja na maneno ya Kiswahili. Inafaa kukumbuka njia hiyo ndefu kabla ya kusema kwamba hayo ni maneno ya mwenyewe. Ni maneno ya mwenyewe, ndiyo, lakini yaliitwa na mgeni na yakavishwa herufi na mgeni. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa maandishi mengine ya wakati ule yaliyokusanywa na Carl Velten, mathalan Safari za Wasuaheli ya mwaka 1901 na Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903. Mswahili alizungumza, Mjerumani akauliza swali la pili; na mara nyingi swali lenyewe halikuandikwa, likabaki jibu peke yake.

Anayefungua kitabu cha Tippu Tip kwa kutaraji kuona moyo wa mtu atafunga kitabu mikono mitupu. Hakuna hofu humo, hakuna majuto, wala hakuna mapenzi yanayosimuliwa kwa kirefu. Kuna safari, deni, vita, majina ya watawala, majina ya vituo, na frasila za pembe. Vitenzi vyake vinafuatana kwa kiambishi -ka- kama wapagazi njiani, kila kimoja kikikanyaga alipokanyaga mwenzake: akaja, tukapigana, wakakimbia, tukapata pembe. Wanafunzi wa isimu wamezoea kuambiwa kwamba -ka- huonyesha mfuatano wa matendo. Hapa waweza kuona zaidi ya mfuatano. Tendo likisha kuvaa -ka-, halisimami tena kuulizwa sababu. Kijiji kinachomwa, watu wanatekwa, na kabla msomaji hajapumua kitenzi kingine kimekwisha kumchukua. Haielekei kwamba mzee huyu alikusudia kuficha. Alisimulia kama mfanya biashara anavyosimulia mbele ya wenziwe, ambao hawana haja ya kuelezwa utumwa ni nini. Lakini hapana mtindo usio na hukumu ndani yake, na waliotekwa katika kitabu hiki wamekuwa hesabu.

Mahali pamoja, hata hivyo, kitabu hicho kinafunua jambo la ajabu. Ni katika habari za Utetera. Tippu Tip anasimulia bila haya kwamba alipata kusikia habari za mtawala wa nchi hiyo, mzee Kasongo Rushie, ambaye zamani dada zake walitekwa vitani na kupelekwa nchi nyingine. Akaichukua hadithi hiyo na kujishonea nasaba. Alidai kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa wanawake hao waliopotea, na kwa hiyo ni damu ya nyumba ile. Mzee akamsadiki, akampokea kama mtoto aliyerudi, na kumwachia utawala. Hivi ndivyo mwandishi wa tawasifu anavyokiri, katikati ya tawasifu yake, kwamba aliwahi kujitungia maisha yasiyo yake na kwamba maisha hayo yalimpa nchi. Hakuna mhakiki angeweza kumwekea msomaji onyo lililo wazi kuliko hilo. Aidha, ni jambo la kuzingatiwa kwamba dada wa Kasongo, ambao msiba wao ndio uliofungua mlango huo, hawakurudi. Walitumiwa mara mbili: mara ya kwanza na walioteka, mara ya pili na aliyesimulia.

Hata jina lake lina masimulizi mawili. Yeye mwenyewe alilieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake kama watu wa bara walivyousikia. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Kila mmoja ataamua ni maelezo gani ambayo mwenye jina angependa yabaki.

Upande wa pili wa habari hizo umo katika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Juma Mbotela kilichochapishwa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa mtu aliyetekwa utumwani na kuachwa huru, na anasimulia jinsi watu wa kizazi cha baba yake walivyokamatwa bara, wakateremshwa pwani, wakapakiwa jahazini, wakaokolewa na manowari ya Kiingereza, na hatimaye wakapewa makao Frere Town, upande wa Kisauni, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Kiingereza mwaka 1875. Wahakiki wamekilaumu kitabu hiki mara nyingi, na si bila sababu. Mwingereza humo ni mwokozi asiye na dosari, na Mwarabu ni mwovu asiye na jema; kana kwamba hapakuwa na Mwingereza aliyepata kunufaika na watumwa, wala hapakuwa na mtu wa bara aliyemuuza jirani yake. Imebishaniwa pia kama ni riwaya au ni historia.

Lakini mabishano hayo yamewafanya wasomaji wengi wapite haraka penye thamani ya kitabu. Mbotela alikuwa na kitu ambacho Tippu Tip hakuwa nacho: alikuwa na wazee wa nyumbani walioyaona mambo kutoka chini. Anapoeleza mwendo wa kufungwa pamoja, njaa, na tumbo la jahazi, matendo hayapiti upesi. Yanasimama. Sifa anazommiminia Mwingereza ni ada aliyolipa kwa wachapishaji na kwa zama zake, na pengine alizisadiki. Lakini chini yake kumelala ushuhuda ambao haukuandikwa mahali pengine kwa Kiswahili kwa ukamilifu huo. Msomaji mwangalifu hulipa ada hiyo, akaingia ndani. Na anayetaka kuona jinsi mahali panavyoweza kuweka kumbukumbu bila kitabu, na aende Kisauni. Kengele ya Frere Town ingali imesimama kando ya barabara, na mtaa umechukua jina lake, Kengeleni. Maelfu ya watu hutaja jina hilo kila siku kwa makondakta wa matatu, wakitaka kuteremka.

Ni vema kutaja hapa, japo kwa ufupi, mfano mmoja usio wa Kiswahili kwa lugha, kwa kuwa unaonyesha linalotokea kumbukumbu inapohama nchi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, akaondoka mwaka 1866, na kwa jina lake jipya la Emily Ruete alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anasimulia jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Jumba la Mtoni anavyolieleza limejaa watu, ndege na maji. Leo ni magofu. Lakini alipofika kwenye habari ya watumwa, mwana huyu wa mfalme aliwatetea wenye watumwa, na hapo kalamu yake, iliyokuwa na macho mazuri kwa mambo ya nyumbani, ilipofuka. Kukumbuka kwa mapenzi si sawa na kukumbuka yote.

Isidhaniwe kwamba kusimulia maisha kulianza katika Kiswahili na Wazungu wenye madaftari. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alipokuwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Utendi huo husomwa kama orodha ya wajibu wa mke, na siku hizi hulaumiwa kwa sababu hiyo. Lakini ndani yake mama anatoa habari za ndoa yake mwenyewe na za maradhi yake, na mafundisho yote yamesimama juu ya nguzo hiyo. Maisha yamesimuliwa kwa sababu kuna mtu wa kurithi. Njia hiyo haikufa. Marehemu Shaaban Robert, katika Maisha Yangu, aliingiza tenzi mbili, moja kwa binti yake na moja kwa mwanawe. Mhakiki aliyelelewa katika tawasifu za Ulaya aweza kuziona tenzi hizo kuwa zimekatiza habari. Kwa mtu anayemjua Mwana Kupona, hizo ndizo habari zenyewe, na nathari iliyozitangulia ni utangulizi.

Mtu huyo huyo, Shaaban Robert, ndiye aliyeandika wasifu ambao hauna budi kuzungumzwa kwa kirefu. Ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958. Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Utumwa katika Unguja haukufutwa kwa sheria hadi mwaka 1897, kwa hiyo jina hilo halikuwa la mzaha. Mama alikuwa mfinyanzi, na binti akajifunza ufinyanzi na kuvichukua vyungu hadi mjini kuviuza, akivinadi kwa sauti ambayo watu waliisikia kabla ya kumwona. Yapata mwaka 1911 alihamia mjini. Huko akafundishwa uimbaji na Ali Muhsin, akaingia katika kundi la wanamuziki, na baadaye akapewa jina la Siti, yaani bibi mwenye hadhi. Kutoka Mtumwa hadi Siti: mtunzi wa riwaya angeona haya kubuni majina yaliyopangana hivyo.

Mwaka 1928 yeye na wenziwe walisafiri hadi Bombay kuimba katika sahani za santuri. Kabla ya hapo taarabu katika majumba ya Unguja ilikuwa ya Kiarabu zaidi, na waliokuwa wakiimba mbele ya watu wakubwa walikuwa wanaume. Sauti ya mwanamke wa Fumba, kwa Kiswahili, sasa ikatoka katika masanduku ya santuri katika mikahawa ya Mombasa, Dar es Salaam na miji ya bara. Siti hakupata kwenda shule. Yasemekana nyimbo za Kiarabu alizozitia katika sauti yake alizihifadhi kwa kusikia. Alifariki mwezi wa Julai mwaka 1950.

Shaaban Robert alionana naye karibu na mwisho wa maisha yake, akamwuliza na kumsikiliza. Kwa hiyo kitabu hicho kimesimama juu ya jambo adimu: mwandishi mkubwa wa lugha ameketi mbele ya bingwa wa sanaa nyingine, asiyeandika, na wote wawili wana asili ya bara na lugha ya pwani. Wajibu aliojitwika ulikuwa mzito. Waungwana wa mjini walikuwa wamemdharau Siti kwa nasaba yake, kwa sura yake na kwa umaskini aliokuja nao kutoka shamba, na kejeli hizo zilitungiwa wimbo. Naye alijibu kwa wimbo, kwamba sura na ukoo si vitu vya kumpimia mtu. Shaaban Robert aliamua kuwa upande wake. Aliandika wasifu kwa maana zote mbili za neno, akieleza na akisifu, na mara nyingi kusifu kukapata nguvu zaidi. Siti wake ni mvumilivu, mkarimu, mwenye haya na mcha Mungu. Kila tendo lake linafuatwa na fikra ya jumla juu ya wanadamu, na mifano inapangwa jozi kwa jozi, mwanga na giza, tajiri na maskini.

Wapo wanaosema kwamba kwa njia hiyo mtu amepotea ndani ya mfano mwema, na kwamba Siti wa kitabu anafanana mno na mashujaa wa ngano za mwandishi huyo huyo. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haikamiliki. Lazima iulizwe sifa hizo zilikuwa zikimjibu nani. Kusifu mfalme ni kazi ya kawaida ya mshairi, na haina hatari. Kumsifu mwanamke aliyeitwa Mtumwa, kwa ufasaha ule ule uliokuwa ukitengwa kwa ajili ya masultani na masharifu, ni kuichukua mali ya kundi moja na kuigawia kundi jingine. Hapo ndipo mpindo wa maana uliotajwa mwanzoni unapokuwa na faida. Lugha iliyofanya kueleza na kusifu kuwa ndugu ilimpa Shaaban Robert silaha ambayo mwandishi wa Kizungu wa miaka hiyo, akiogopa kuonekana mwenye upendeleo, asingethubutu kuitumia.

Bei yake ni kwamba yapo mambo ambayo mtindo wa namna hiyo hauna mahali pa kuyaweka: ghadhabu, mathalan, na mzaha mkali. Kwa bahati njema Siti aliacha kumbukumbu nyingine. Wimbo uitwao Kijiti ulitungwa juu ya mauaji yaliyotokea Unguja enzi hizo. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa baada ya kutoka kwenda ngomani. Mtu aliyetuhumiwa akavuka bahari na kuponyoka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliojikuta wakihukumiwa. Siti aliimba habari hiyo na kutaja jina la mtuhumiwa. Haikuwa sifa wala mawaidha, bali kesi iliyofunguliwa upya katika baraza za Ng'ambo baada ya mahakama ya serikali kuifunga. Mtu asomaye Wasifu peke yake atamjua Siti mpole. Asikiaye Kijiti peke yake atamjua Siti mkali. Mwalimu wa fasihi anayefundisha kitabu bila sahani ameshika nusu ya habari, na kosa hilo limefanywa katika vyuo vingi, kwa sababu tu kitabu huingia maktabani kwa urahisi kuliko sauti.

Sauti hiyo nayo ina mipaka yake. Upande mmoja wa sahani za wakati ule ulichukua dakika chache tu, na taarabu iliyokuwa ikiimbwa usiku kucha, ikinyooshwa na kurudiwa kwa matakwa ya wasikilizaji, ililazimishwa kuingia katika kipimo hicho. Kilichobaki ni kipande. Vicheko vya waliokuwapo, tuzo zilizotupwa, mafumbo yaliyomlenga jirani aliyeketi mkekani, vyote hivyo havikupanda meli kwenda Bombay.

Vilibaki katika vichwa vya watu. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki Unguja mwezi wa Aprili 2013, alisema mara kwa mara kwamba alizipata nyimbo za Siti kwa kumsikiliza, akaziimba mpaka uzeeni kwa namna yake, akibadili palipompendeza. Mwaka 2006 habari zake mwenyewe zilifanywa filamu. Na chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, kilipoanzisha gazeti lake mwaka 1988, hakikulipa jina la kitabu cha Shaaban Robert wala la wimbo wowote. Kiliita gazeti hilo Sauti ya Siti.